Mikono Yangu Katika Picha za Marehemu

Mzee Mbaabu alizikwa Jumamosi iliyopita kule juu ya Nkubu, ingawa mabega yake yalikuwa yametangulia kuzikwa mara nyingi sana. Nilisimama nyuma ya hema pamoja na watu wa rika langu, magoti yakiniuma, nikakitazama kile kijitabu cha mazishi. Watoto wake walikuwa wamemtolea picha ya simu: mzee wa sweta, anacheka, jino moja halipo, nyuma yake migomba. Picha nzuri kabisa. Lakini mama mmoja mbele yangu alimnong'oneza mwenzake, "Si hata wangemvalisha suti? Mtu alivalisha watu wote." Mwenzake akajibu, "Aki ni kweli. Anakaa tu mtu ametoka shamba." Nikajiuma ulimi nisicheke, kisha kicheko kikaniishia chenyewe, kwa sababu niliukumbuka mwaka niliofanya kazi katika studio ya yule mzee, nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Wanangu wanajua kwamba niliwahi kuwa mtu wa picha. Hawajui kwamba yapo makaburi kati ya Nkubu na Kangeta ambako mikono iliyo kwenye picha ya msalaba ni hii ninayoandikia.

Ulikuwa mwaka ambao filamu zilianza kuadimika na kompyuta zikaanza kufika katika miji midogo. Mimi nilikuwa nimetoka Embu na cheti cha kompyuta ambacho nilikibeba kwa adabu kama yai, na Mzee Mbaabu alikuwa amenunua mashine asiyojua hata pa kuiwashia. Tukahitajiana. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo kila picha ya heshima iliyopigwa Nkubu miaka hiyo ilipigwa katikati ya harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ukutani palikuwa na pazia lililochorwa rafu za vitabu, na aliyelichora, nadhani hakuwahi kuingia maktaba, alivipa vitabu vyote unene mmoja. Mbele ya pazia palikuwa na meza, na juu ya meza simu isiyo na waya. Kwenye misumari kulining'inia koti jeupe la daktari, joho jeusi, kola ya kasisi, suti tatu, na tai zilizokwisha kufungwa na kutiwa mpira nyuma ili mteja asijinyonge. Asubuhi nilipofungua mlango, kabla sijawasha taa, nguo zile zilionekana kama watu waliofika mapema wakakosa pa kukaa. Nilizoea kuzisalimia. Nilikuwa na mzaha mwingi wakati huo.

Mzee alikuwa na elimu yake, na hakuna chuo kilichonipa elimu ninayoikumbuka vizuri zaidi. "Uso hauna cheo, Kagendo," aliniambia huku akimwinua mteja kidevu kwa kidole kimoja. "Uso alipewa na mamake. Cheo kinakaa kwa mabega na kwa mikono." Daktari alimkunja mikono kifuani, saa ionekane. Mwalimu alimwekea kiganja juu ya kitabu kilichofungwa, maana kitabu kilicho wazi ni cha mwanafunzi. Mhubiri alimtia kidole ndani ya Biblia, kana kwamba umemkatiza akisoma. Chifu, mikono magotini, miguu mbalimbali. Na wote aliwaonya wasikaze vidole. "Mwenye cheo hashiki kitu kwa nguvu," alisema. "Anayekaza anaogopa kunyang'anywa." Nilidhani ni porojo za mzee, hadi siku moja mkulima aliyechaguliwa mwenyekiti wa kituo cha kununulia chai alipoingia akiwa ameinama na kofia mkononi, akakaa pale mezani dakika kumi, akatoka akitembea polepole katikati ya barabara, na mwenye mkokoteni akampisha. Picha yenyewe ilikuwa bado haijatoka.

Lakini kazi iliyotufanya tufungue kila siku ilikuwa ya marehemu. Kwetu huku, mtu akishalala, baada ya jeneza jambo linalofuata ni picha, na wazee wengi walikuwa wameacha nyuma picha ya kitambulisho tu, au moja ya harusi ya mtu mwingine, nusu ya uso nyuma ya kofia ya jirani. Familia ikifika ilisema neno lile lile: "Mtutolee ya heshima." Zamani Mzee alikata kichwa kwa wembe, akakibandika juu ya suti iliyopigwa picha, akapiga tena, na kiungo kilibaki shingoni kama kovu la upasuaji. Kazi hiyo aliiita kushona. Kwa kompyuta mimi niliweza kushona bila mshono kuonekana, na hapo ndipo alipohitaji miili safi ya kushonea. Kwa wanaume alikaa mwenyewe. Kwa wanawake alinitazama mimi, kisha akaitazama suti ya bluu kwenye msumari.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa tatu, mvua ikipiga mabati. Aliniketisha mezani, akauweka mkono wangu wa kushoto juu ya mbao, wa kulia juu yake, kalamu kati ya vidole viwili. Alichukua muda mrefu kama anayetega mtego. "Usisonge," alisema. "Marehemu hasongi." Tulipomaliza, nilikaa kwenye kompyuta nikajifuta kichwa mimi mwenyewe, kuanzia nywele, nikishuka hadi shingoni, na simshauri mtu yeyote kuifanya kazi hiyo kabla ya kupata chai. Kilichobaki kilikuwa kola iliyozunguka hewa, na chini yake mabega yangu yametulia kama hayakuwa yamepungukiwa na kitu. Nilitaka pia kuifuta alama ya moto chini ya kidole gumba, lakini Mzee akakataa. "Wacha hiyo. Mtu bila alama ni mtu hakufanya kazi." Tukauhifadhi ule mwili kwa jina la Mama Suti, naye akanipa sheria moja tu. "Aliye hai anakaa kwa kiti anapigwa picha. Aliyekufa ndiye anashonewa. Usichanganye hao watu wawili." Niliichukulia kuwa sheria ya kazi, kama ile ya kutofungua mlango wa chumba cha giza filamu ikiwa inasafishwa.

Kufikia mwezi wa tano nilikuwa nimevishwa vichwa vya nusu ya kina mama wa miteremko ile. Mara ya kwanza kujiona nje ya studio ilikuwa kwenye mazishi ya jirani, kijitabu kikiwa juu ya jeneza, na wajukuu wakiipapasa ile picha. Mara nyingine nilikuwa Kangeta kupeleka kazi, soko la miraa limechangamka, gari dogo la mizigo likanipita likiwa na picha ya bibi mmoja kwenye kioo cha nyuma. Uso sikuukumbuka. Mikono niliikumbuka, nikaiangalia ikipotea kwenye kona huku ile mingine miwili, ya mwilini mwangu, nimeikunja kifuani. Nikirudi nilikuwa nasikia mengi kutoka kwenye benchi la wateja, lililotengwa na mimi kwa ubao tu. "Yule wetu alitoka vizuri kwa picha," mama mmoja alisema. "Hata kuliko vile alikuwa." Mwenzake akamjibu, "Kifo kinapeanga cheo." Wa kwanza akasema, "Sasa si wangempatia akiwa hai?" Mchana nilikula githeri ya mahindi na maharagwe kwa mama mwenye nyumba niliyopanga, na siku moja aliweka kijiko chini akanitazama. "Kagendo, mbona unakaa mkono juu ya mkono kama mtu anangoja kuzikwa?" Nikaangalia chini. Wa kulia ulikuwa juu ya wa kushoto, na kijiko kilikuwa pale pale pa kalamu. Wiki nzima baada ya hapo nilikula nikiwa nimesimama, nikamdanganya kwamba ni mgongo.

Gacheri alikuja mwezi wa sita. Alikuwa muuza ndizi wa soko la Nkubu, mwanamke mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara, lakini siku hiyo alinong'ona. Mama yake alikuwa amepika uji na kufagia katika zahanati miaka mingi, na alichoacha ni kitambulisho kilichopauka. "Mfanyie ya ofisi," Gacheri aliniomba. "Alikuwa anafagia hizo ofisi, hajawahi kukalia kiti." Nikamshona wakati yeye akingoja. Nilipomgeuzia kioo cha kompyuta hakuutazama uso kabisa. Alinyoosha kidole akagusa pale mikononi. "Woi," alisema. "Ni yake. Ona, hapa ndipo alichomwa na sufuria ya uji." Nilifungua kinywa nimwambie. Mzee akakohoa. Nikaingiza mikono yangu mifukoni, nikijaribu kukumbuka siku niliyochomwa mimi, na jiko lilikuwa lipi, na nani alikuwepo, siku ambayo tangu utotoni nilikuwa nikiikumbuka vizuri. Haikuja.

Mwalimu Karimi aliingia mwezi wa saba, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba saa nne asubuhi taa ilikuwa bado inawaka. Alikuwa amenifundisha darasa la sita katika shule ya msingi ya huko juu, kwenye barabara ya chai, na kwa miaka mingi alikuwa ameishikilia ile shule kama kaimu. Mwaka huo aliitwa Embu kwa mahojiano akarudi na barua ya kuwa mwalimu mkuu kamili. Ofisini mwake palikuwa na picha tano ukutani, wakuu watano waliomtangulia, wanaume wote, mikono yao imepumzika juu ya meza. Picha ya sita ndiyo aliyoijia. Alipotoa mikono kwenye koti lake niliona tatizo kabla hajasema: ilikuwa inatetemeka, yote miwili, kama ya mtu aliyetoka mtoni.

"Daktari anasema ni mishipa," alituambia, na alilisema kwa ile sauti ya darasani isiyotaka huruma. "Haina haraka ya kuniua. Lakini wazazi wanasema nakunywa. Mwenyekiti wao amesema hadharani shule haiwezi kuongozwa na mikono kama hii. Na mgeni akiingia ofisi ananiuliza mwalimu mkuu ako wapi, na mimi ndio nimekaa kwa kiti."

Mzee alimpiga mara tatu. Mara zote uso ulitoka safi, na mezani palitokea kitu kama moshi, chenye vidole vingi kuliko vya mtu mmoja. Mzee akashauri tuikate picha kifuani. "Wale wanaume wote wako na mikono," Mwalimu akasema. "Mkinikata hapa nitakuwa picha ya kitambulisho." Kisha akaona jalada la kijitabu cha mazishi chenye Mama Suti, tulichokuwa tumeweka kama sampuli, akaweka kidole chake kinachotetemeka juu yake. "Nipeeni hii mikono."

"Hiyo si mikono ya kupeana, Mwalimu," Mzee alisema. "Hiyo ni ya wale wameenda."

"Mzee, mimi ni mtu wa kanisa. Kuogopa karatasi niliacha."

"Hata mimi ni wa kanisa," akamjibu, "na bado sifanyi." Mwalimu akafunga mkoba wake kwa kuupiga na kiganja, kwa kuwa kifungo kilimshinda, akaingia kwenye ukungu bila kuaga.

Wiki iliyofuata Mzee alienda Embu kununua karatasi za picha, na Mwalimu akarudi kana kwamba kuna mtu aliyempasha habari. Hakunibembeleza. Alisema, "Kagendo, nilikaa na wewe saa za chakula hadi ukajua desimali. Sasa nisaidie." Nami nikamsaidia, na nisijidai kwamba nililazimishwa. Nilimpenda yule mwanamke, na ilinichoma kuona mtu mwenye barua mkononi akiulizwa mwenye kiti yuko wapi. Kwa kawaida kichwa hukataa mwili mgeni. Kivuli huangukia upande mwingine, shingo huwa nene, unapambana nacho nusu ya siku. Cha Mwalimu Karimi kilishuka kwenye ile kola kikakaa chenyewe, mara moja, na nilipokuwa bado nimeshika kipanya nilihisi uzito shingoni kama mtoto aliyepanda mgongoni. Nikatoa nakala kubwa. Alipoiona alitulia. "Huyu ndiye mwalimu mkuu," alisema, na hakusema kuwa ni yeye.

Na picha ilifanya kazi, hilo ndilo jambo lililonitisha baadaye. Kwa mwezi mmoja na zaidi, mzazi aliyeingia ofisini aliitazama kwanza ile picha ukutani, kisha akamgeukia Mwalimu na sauti imeshuka. Mwenyekiti wa wazazi alivua kofia. Mkaguzi alisubiri kuambiwa aketi. Mwalimu mwenyewe alikaa chini ya picha yake, mikono ameificha chini ya meza, na watu walizungumza naye wakiwa wanaangalia juu yake kidogo, pale ukutani, ambako mikono ilikuwa imetulia.

Mwezi wa tisa Gacheri alienda shuleni kumwombea mtoto wake ruhusa. Niliambiwa na watu watatu tofauti jinsi ilivyokuwa na wote walisema vile vile. Aliingia, akasalimia, akainua macho ukutani, na salamu ikakatika. Akauliza taratibu, kama anayeuliza njia, "Mama anafanya nini hapa?" Akasogea karibu na picha, akaona suti, akaona kalamu, akaona alama chini ya kidole gumba. Kisha akapiga ukelele uliowatoa watoto madarasani. "Nani ametoa mama yangu kichwa?"

Siku ya soko iliyofuata, watu walikuja Nkubu na vijitabu vya mazishi vya nyumbani, vya shangazi, vya mama mkwe, wakavilaza juu ya magunia ya ndizi kimoja kando ya kingine. Suti moja. Kalamu moja. Alama moja. Ungedhani wangecheka na kusema ni ujanja wa studio, na wachache walisema. Lakini wengi waliona lingine. Nikiwa nakunywa chai hotelini niliwasikia meza ya nyuma. "Niambie, hao wote wamekaa hapo, wako wapi saa hii?" mmoja aliuliza. "Udongoni," akajibiwa. "Basi na huyo mwalimu?" Wa tatu, mtu mzima mwenye sauti ya upole, akasema, "Hata hiyo kutetemeka yake, labda ni baridi ya huko. Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Niliacha chai yangu nusu. Wiki hiyo Mwalimu alishikwa na homa ya kawaida, siku tatu, na aliporudi watoto walirudi nyuma kila alipopita. Alinyoosha chaki ampe msichana wa darasa la saba aandike ubaoni, na mtoto akakataa kuipokea mkononi mwake. Mwenyekiti akaitisha mkutano wa wazazi. Wangeomba Mwalimu aondolewe, na mwaka haungeisha akiwa na ile ofisi. Shule, alisema, haiwezi kuongozwa na mtu ambaye ameshawekwa kwa kijitabu.

Mzee Mbaabu hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikuambia usichanganye," akaiondoa suti ya bluu msumarini akaikunja vizuri, mikono ndani, nami nikalia mbele yake bila aibu. Nililia kwa ajili ya Mwalimu, na nilikuwa pia naogopa. Kama yeye angekufa, kwa mshipa au kwa baridi au kwa gari la chai, mimi ningekuwa nimemshona akiwa hai, na hakuna mtu angeniondolea jambo hilo. Usingizi ulinipotea. Mchana, nikiwa peke yangu studio, niliufungua ule mwili kwenye kompyuta ili niufute, na kila mara nilipofika kwenye kitufe cha kufuta nilijikuta naitazama ile kola tupu kana kwamba ni yeye aliyestahili kuamua.

Mwalimu alikuja mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha wateja, chini ya vitabu vya kuchorwa, akajaribu kutabasamu. "Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema. "Mimi nimeazima mpaka mkono." Kisha tabasamu likaondoka. "Kagendo. Ni ya nani?"

Niliinua mikono yangu kutoka kwenye kibodi nikamwonyesha. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akaona alama. Nadhani alikuwa ameanza kuogopa yeye pia, kwa maana alipumua kama mtu aliyetua mzigo. "Kumbe imekuwa hapa wakati wote," alisema. "Ijumaa utakuja mkutano. Na hiyo suti."

Mzee akatoka nyuma ya pazia. "Mwalimu, huyu msichana akikaa mbele ya watu namna hiyo, hatujui nani atakuja."

"Wazazi ndio watakuja," Mwalimu akamjibu. "Nimewaandikia barua."

Ijumaa ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani ya darasa. Wazazi walijaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu, na walioshindwa kupata nafasi walisimama kwenye madirisha, sura zao zikiwa za kijivu. Ile picha ilitolewa ofisini ikaegemezwa ubaoni. Mimi niliketishwa mbele yake, meza, kalamu, suti ya bluu, mkono wa kulia juu ya wa kushoto. Nilipokaa nilisikia darasa zima likivuta pumzi, na mama mmoja karibu na mlango akatoka nje hakurudi.

Mwalimu Karimi alisimama kando yangu. "Wazazi," alisema, "mmesema nimekaa ndani ya maiti. Mwili wenyewe ndio huu. Anaitwa Kagendo, nilimfundisha darasa la sita, na asubuhi amekunywa chai kwangu." Kisha akaitoa mikono yake kutoka chini ya leso aliyojitanda mabegani, akaiinua juu ili hata wa madirishani waione, akaiacha itetemeke. "Na hii ndiyo yangu. Ni ugonjwa, sinywi. Nilikosea nikaificha. Kama mnataka kunitoa kwa sababu ya hii, nitoeni kwa hii, si kwa karatasi."

Nilitarajia wacheke, wapumue, waanze kugombana kama watu wa mkutano. Badala yake waliacha kumtazama yeye wakanitazama mimi, na nikaona kwenye sura moja baada ya nyingine kitu ambacho sijakiona tena maishani: watu wazima kwa makumi wakinifahamu, wala si mimi wanayemfahamu. Mzee wa safu ya pili alivua kofia. Mwanamke mmoja alinitabasamia huku machozi yakimtiririka. Mwenyekiti akasema, "Msichana, hebu ongea basi, tujue uko hai." Nami nikashindwa. Nilikuwa nimefunzwa kutosonga, na mwili ulikuwa umelishika lile funzo kuliko nilivyojua.

Gacheri akainuka. Alikuja mbele kati ya madawati, akapiga magoti kando ya meza, akautwaa mkono wangu wa kulia, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye alama. Alizungumza Kimeru, kwa sauti ya chini, na hakuinua macho usoni mwangu hata mara moja. "Mama, uliniita kwa simu ya jirani. Nikasema nitakuja Jumapili, ndizi ziishe kwanza. Ukaenda Ijumaa." Akangoja. Mkono wangu wa kushoto, ambao sikuuambia kitu, uligeuka ukaufunika wake.

Darasa lote liliona. Na mimi nilijua vizuri sana kilichokuwa mbele yangu, ingawa nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nikinyamaza, au nikimjibu vile alivyotaka kujibiwa, wale watu wangetoka pale wakiamini kwamba kwenye ile suti wanakaa wafu, na Mwalimu Karimi asingekuwa na shule tena. Nikisema jina langu, ningemzika mama wa Gacheri mara ya pili, mbele yake, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Nilimtazama Mwalimu. Hakunipa ishara yoyote. Alikuwa ameirudisha mikono chini ya leso.

"Mimi ni Kagendo wa studio," nikasema. "Mamako hakuwahi kukaa kwa hii meza, wala huyo wako, mzee, wala wako, mama. Nyote mlinipatia uso peke yake. Niliwawekea mikono yangu kwa sababu hakuna mtu alikuwa amepiga yao picha."

Jambo lilivunjika hapo. Mtu alikohoa, mwingine akasema "Haya basi," na darasa likawa darasa la watu tena, wanaona haya, wanasogeza miguu. Mwenyekiti alisimama, akaishika ile picha akaigeuza iangalie ubao, na akasema, bila kumtazama mtu, "Mwalimu mkuu, endelea na ajenda." Waliongea habari za uji wa watoto na paa la darasa la nne. Mwalimu Karimi aliiongoza shule ile hadi akastaafu, na picha ya sita iliyotundikwa ni ile aliyompiga Mzee Mbaabu, yenye moshi mezani, ambayo wageni waliikuta ukutani na kuiuliza, naye akawaeleza.

Lakini Gacheri hakurudi kwenye dawati lake. Alibaki magotini mkutano mzima, akiwa amenishika, na sikuwa na moyo wa kujitoa. Watu walipokuwa wakitoka, madawati yakiburuzwa, aliinua macho kwa mara ya kwanza akanitazama usoni, kwa utulivu, kama anavyomtazama mteja.

"Sasa mikono ya mama ilikuwa aje?" akaniuliza. "Nikifunga macho naona hii yako tu."

Nikamwambia sikuwahi kuiona.